TAHADHARI: Wapuliza dawa ya nyasi wanaozunguka nyumba kwa nyumba Goba, Madale na Mbezi, Dar es Salaam

Wakuu, habari za leo. Mwenye mzazi au dada wa kazi anayebaki nyumbani mchana, naomba asome hadi mwisho kisha amsomee na yeye.

Kuna vijana wanapita mitaani wakijiita wataalamu wa nyasi. Wanakuja wawili au watatu, ovaroli safi, vitambulisho shingoni, bomba la kupulizia mgongoni. Hawagongi kila geti. Wanachagua nyumba yenye ukoka uliotunzwa, tena baada ya gari la mwenye nyumba kutoka. Kazi yangu mimi ni bustani, na nimekuwa nikiitwa kwenye nyumba walizokwishapita. Nilichokiona huko kimeniuma sana.

Mchezo unaanza na funza. Mmoja anaomba kuangalia majani, "bure tu mama, hatutozi kuangalia". Anachuchumaa, anachokoa kidogo kwa kisu, anainuka na funza mweupe kiganjani, unene wa kidole gumba. "Umewaona mama? Chini wamejaa, wakimaliza hapa wanaingia kwenye msingi." Mama mmoja, mwalimu mstaafu, alionyeshwa hivyo akalipa shilingi 85,000 palepale. Simlaumu hata kidogo, funza yule anatisha. Ila funza wa ukubwa ule ni mtoto wa mbawakawa mwenye pembe, yule anayetoboa minazi. Anakulia kwenye samadi na magogo ya mnazi yaliyooza, na chakula chake ni hivyo hivyo vilivyooza. Hana shida na ukoka wako, achilia mbali msingi wa nyumba. Wanaokula mizizi ya nyasi huwa wadogo kuliko huyo. Mimi naamini yule wa maonyesho wanakuja naye mfukoni.

Kisha inatoka dawa. Iko kwenye chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, lebo imebanduliwa. Wakiitia kwenye maji inageuka rangi ya maziwa na harufu yake inakaba koo. Kwa yule mwalimu walipuliza bila kuuliza kama kuna kuku, na kuku walikuwepo. Jioni walianza kudondoka mmoja mmoja, mate yanawatoka. Bahati wajukuu walikuwa shule.

Haikuishia hapo. Baada ya wiki hivi majani yakaanza kuwa njano, na yalikuwa njano kwa mistari iliyonyooka, upana wa mkono wa mtu anayepeperusha bomba. Wadudu hawali kwa mistari. Ugonjwa nao huanza kwa mabaka. Ukiona mstari, ujue ni alama ya mtu aliyepita na bomba, na kwa jinsi nyasi zilivyokufa hadi kwenye vikonyo, ninachoona pale ni kiuagugu cha kuua kila jani, aina ya glaifoseti. Walewale wakarudi na pole nyingi, wakasema wadudu wamezidi nguvu, dawa ni kung'oa zote na kupanda kapeti mpya ya paspalamu (aina ya nyasi za bustani), ambayo wanauza wao wenyewe kwa mita ya mraba. Jirani yake aliyenunua kapeti hiyo sasa ana magugu ya ndago kila kona, yamekuja na udongo wa vipande vya kapeti. Na ndago ukiing'oa juu, kiazi kinabaki chini kinachipua upya.

Nyasi zako zikikutia wasiwasi, pima mwenyewe kabla hujamfungulia mtu geti. Shika fungu la majani penye baka uvute kwa nguvu. Likinyanyuka lote bila mizizi kushika, chimba hapo utafute funza wenyewe. Likishikilia, mizizi ipo na tatizo huenda ni maji, mkojo wa mbwa, au mashine inayokata chini mno. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mara moja. Kwa viwavijeshi, ambao mara nyingi huja baada ya mvua kuanza, changanya vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya vyombo katika lita nne za maji, mwaga kwenye mita moja ya mraba, usubiri dakika 10. Wakiwepo watapanda juu utawaona kwa macho. Wasipopanda, usinunue dawa ya viwavi. Kipimo hiki hakiwatoi funza wa mizizini, hao ni kuchimba tu.

Ikibidi dawa, nenda duka la pembejeo ukanunue kopo lililofungwa, lenye jina la kiambato, namba ya usajili na mkanda wa rangi chini ya lebo. Mkanda mwekundu ndio sumu kali kupita zote. Usajili huo uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020. Hata ukimwita mtu akupulizie, akuonyeshe kopo kabla hajachanganya. Akisema "hii tunatengeneza wenyewe", mfungulie geti atoke.

Kwa ambao wameshapuliziwa: watoto wasichezee hapo, mayai na mchicha wa ua huo msile. Mtu akianza kutokwa mate na jasho jingi, kutapika, au mboni za macho kusinyaa na pumzi kubana, huo ni mwendo wa hospitali mara moja. Mvueni nguo zilizoloa, mwosheni kwa maji mengi na sabuni, msimtapishe, wala msipoteze muda kutafuta maziwa. Mkiondoka chukueni na chupa yao kama waliiacha. Daktari anahitaji kujua sumu ni ipi, na lebo iliyobanduliwa ndiyo ingemwambia.

Mkiwaona, mpigieni mwenyekiti wa serikali ya mtaa wakiwa bado hapo, maana wakishalipwa simu hazipatikani. Namba waliyopokelea pesa msiifute. Ipelekeni polisi pamoja na ujumbe wa muamala, na mitandao yote ya simu inapokea taarifa za namba za matapeli kupitia 15040. Mwalimu ameshafungua jalada na anatafuta wenzake waliolipishwa, ili kesi isiwe ya mtu mmoja.