Mafunzo ya ushauri elekezi kwa asasi: nimeridhika, ila kodi waliisahau

Mradi wetu wa afya hapa Morogoro ulifungwa mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada. Baada ya miaka 11 ya ufuatiliaji na tathmini, nikaamua kuwa mshauri elekezi wa asasi, nikalipia mafunzo haya ya siku tatu. Siku ya pili peke yake ilirudisha ada yangu: mwalimu alitupa hadidu za rejea halisi, yaani maelezo ya kazi ambayo asasi humpa mshauri, akapitia bajeti yangu akiongeza kwa kalamu nyekundu kila siku ya kazi niliyosahau kuidai, hata ile ya kusafisha takwimu. Kumbe nilikuwa najiuza nusu bei! Kodi ya zuio ya asilimia 5, ile ambayo mteja huikata kabla ya kukulipa, hawakuigusa kabisa. Niliijua malipo ya kwanza yalipoingia pungufu. Waiongeze, tafadhali. Dada yangu nimeshamwandikisha awamu ijayo.