Uzoefu wangu: wali wa kubeba bila nailoni, Sinza

Mgahawa ninaousifia hapa hauna bango la mazingira wala mirija ya mianzi. Ni banda la mama lishe, Sinza jijini Dar es Salaam, lenye meza chache na benchi, lililokaa mkabala na gereji. Katika sehemu zote ninazonunua chakula cha mchana, ndilo pekee ninaloona limepunguza plastiki kwelikweli.

Anayekula palepale anapewa sahani ya kuoshwa. Maji ya kunywa yako kwenye ndoo yenye bomba, na vikombe ni vya chuma, kwa hiyo halazimiki mtu kununua maji ya chupa. Haya utayakuta kwa mama lishe wengi. Kazi iko kwetu sisi tunaobeba kwenda madukani na maofisini, maana taka zote zinatoka kwetu. Kwa kawaida wali unawekwa kwenye boksi la povu, maharage kwenye nailoni, mchicha kwenye nailoni nyingine, kachumbari nayo yake, juu kijiko cha plastiki, kisha vyote vinatumbukizwa kwenye mfuko. Robo saa umeshamaliza kula, na rundo lile linakwenda kwenye mtaro ambao mvua za masika zikija tunalalamika kuwa umeziba.

Mama huyu ameacha kabisa kununua maboksi ya povu. Badala yake ana hotipoti ndogo za chuma za ghorofa mbili, wali chini, mboga juu. Unaacha shilingi 5,000 ya rehani na jina lako linaandikwa kwenye daftari. Ukirudisha chombo unapewa pesa yako, au unabadilishiwa kilichooshwa na kuondoka na chakula cha siku hiyo. Ni utaratibu uleule wa chupa za soda na bia tuliokua nao: huachi chupa, huondoki na soda. Ndiyo maana hakuna mteja aliyehitaji kuelezwa mara mbili.

Na ukija na chombo chako mwenyewe, hudaiwi rehani. Nilipomuuliza kama hilo halimsumbui kwenye kupima, alinijibu, "Mwanangu, boksi nalinunua mimi, lakini unayelilipia ni wewe. Lete bakuli, nikuongezee mchuzi." Na anaongeza kweli.

Chakula chenyewe kimefaidika. Wali ukifungiwa kwenye povu unatoa jasho na kugandana. Kwenye chuma unafika ofisini punje zimeachana. Samaki wa nazi anafika wa moto, bila ile harufu ya nailoni ambayo wengi tumeizoea mpaka tunadhani ni ya mchuzi. Mimi supu inayochemka kumiminwa kwenye nailoni nyembamba sijaikubali hata siku moja, na inaniuma kuona watoto wakitumwa kuinunua hivyo asubuhi.

Zuio la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019 lilitusaidia sana. Rambo ziliondoka madukani na sokoni, na aliyeishi Dar kabla ya hapo anakumbuka zilivyokuwa zimejaa kwenye miti na mifereji. Lakini zuio lile lililenga mifuko ya kubebea. Jikoni mwa migahawa vifuko vyembamba vimebaki, na hata ule mfuko mbadala unaofanana na kitambaa umetengenezwa kwa polipropilini, ambayo nayo ni plastiki. Kenya, kupitia NEMA, mamlaka yao ya mazingira, walitangaza kuipiga marufuku mifuko ya aina hiyo mwaka 2019. Huku kwetu tunaipokea kwa moyo mweupe kila tunaponunua chipsi.

Kuna mgahawa mwingine wa kahawa, nisioutaja, unaojitangaza kuwa umeachana na plastiki. Boksi ni la makapi ya miwa, ila mfuniko ni plastiki angavu. Kikombe ni cha karatasi, lakini kwa ndani kina utando mwembamba wa plastiki, ndiyo maana hakilowi. Kwa boksi hilo unaongezewa shilingi 1,000 kwenye bili. Naamini nia yao ni njema, na wahudumu wake ni wakarimu. Ila mwisho wa siku taka hizo zinapandishwa lori moja na nyingine zote kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi, na mteja ameshalipia kitu cha kutupa. Ningependa waanze kwa kumuuliza mtu anayekaa, "Kikombe cha udongo au cha kubeba?" Sijaulizwa hata mara moja.

Kwa mama lishe wangu nako kuna ya kurekebisha. Pilipili na kachumbari bado vinafungwa kwenye nailoni wateja wakiwa wengi, na juisi ya ukwaju anaiuza kwenye chupa za plastiki zilizokwishatumika. Hiyo mimi siinunui. Rehani ya 5,000 ni nzito kwa kijana wa bodaboda ambaye mlo wenyewe haufiki bei hiyo. Wateja wa kila siku anawaachia kwa daftari tu, na nadhani angeweza kuishusha kwa wote bila kupoteza vyombo vingi. Oda za kuletewa hachukui, kwa kuwa hana wa kumrudishia hotipoti.

Ukienda, fika kabla ya saa saba mchana. Baada ya hapo hotipoti zinakuwa zimeisha, na samaki wa nazi pia.