Duka langu la mbao ndani ya WhatsApp Business: uzoefu wangu kutoka Lubumbashi

Ninachonga mbao hapa Lubumbashi, Kongo, katika komuni (sehemu ya mji) ya Katuba: mabakuli, miiko, sinia za matunda na vigoda. Kwa miaka kadhaa sasa sehemu kubwa ya kazi hii inauzwa kupitia WhatsApp Business, ile WhatsApp ya wafanyabiashara, na mafundi wenzangu huniuliza kama kweli inalipa au ni kumaliza mega za intaneti bure. Nitaeleza ninavyoitumia, inaponifaa na inapoishia.

Hukumu yangu naitoa mapema: ni duka zuri, ila si soko. Mtu asiyekufahamu haitakuletea. Lakini aliyekwisha kusikia habari zako inampa nafasi ya kutazama kazi polepole, kuuliza usiku akiwa amepumzika, kulinganisha, kurudi kesho yake. Mtu anayethamini kitu cha mkono hanunui kwa haraka, na duka la namna hii linamfaa.

Programu yenyewe ni ya bure na ilitoka mwaka 2018. Unajaza jina la atelye (karakana yako), saa za kazi na mahali ulipo, kisha unafungua katalogi inayobeba hadi bidhaa 500, kila moja na picha hadi 10. Bidhaa 500 si za fundi kama mimi. Bakuli likiuzwa nalitoa, kwa kuwa hakuna jingine lililo sawa nalo. Zile picha 10 ndizo mali. Ya kwanza naipiga asubuhi mlangoni, mwanga ukiingia kwa ubavu, bakuli peke yake bila kitambaa wala maua. Ya pili ni ya chini. Anayejua mbao akishika bakuli hulipindua kwanza, maana huko ndiko fundi mwenye haraka anakoacha alama za patasi na msasa usiomalizika. Kisha naonyesha nyuzi za mbao kwa karibu, ukingo, bakuli likiwa mikononi mwa kijana wa atelye ili ukubwa uonekane, na bakuli juu ya mizani. Kama kuna kifundo au ufa mdogo nilioujaza, nao unapata picha yake.

Maelezo ninayoandika chini ya picha ni mafupi. Kwa mfano: “Bakuli la mwembe. Mti uliangushwa kwenye uwanja wa nyumba huko Kampemba, mwenye nyumba alipoanza kujenga. Kipenyo sentimita 28. Mafuta ya kitani na nta ya nyuki. Dola 35.” Basi. Bei inakaa pale pale wazi. Najua wengi hapa mjini wanaficha bei ili mteja aandike kwanza, lakini mimi naona bei iliyofichwa inamfanya mtu ajiandae kwa vita kabla hajaipenda kazi.

Tofauti naiona kwenye maswali. Nikiweka picha ileile kwenye magrupu ya kuuza na kununua, ujumbe wa kwanza ni “Papa, bei ya mwisho?” Wanaoingia kwenye katalogi huuliza “Papa fundi, huu ni mti gani?” Programu ina lebo za rangi za kupanga mazungumzo, na nimejitengenezea moja inayoitwa “aliyeuliza mti”. Hao hata kama hawakununua mwezi huu nawatunza. Bakuli jipya likitoka wanaona kabla ya wengine, na wengi wao ndio walionunua baadaye.

Swali la mti lina uzito mkubwa Katanga kuliko kwingine. Mukula, ule mti mwekundu, umekatwa sana hapa jimboni Haut-Katanga kwa ajili ya soko la China, na tangu 2019 umo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mwaka 2022 jamaa zake wote wa Afrika wakaongezwa, pamoja na mulombwa ambao mafundi wetu wa zamani waliuzoea kwa samani. Juu ya hapo kuna makala, yaani mkaa: misitu ya miombo kuzunguka mji inazidi kusogea mbali kwa sababu sisi sote tunapika kwa makala. Mimi nimeamua kuchonga miti ya mjini: mwembe, mti wa avoka na jakaranda zinazoanguka kwa dhoruba au kukatwa uwanja unapojengwa. Lubumbashi ina jakaranda nyingi kando ya barabara zake, na mbao yake ni nyeupe, laini, inakubali patasi bila ubishi. Wachongaji Wakamba wa Kenya wameifuata njia hiyohiyo; mpingo na muhugu vilipopungua wakageukia mwembe, mwarobaini na jakaranda. Nikimweleza mteja haya kwa sauti ya WhatsApp, dakika moja tu, mara nyingi haombi tena kupunguziwa bei. Mwembe una adui yake, wadudu wanaokula mbao changa ya nje, kwa hiyo naondoa sehemu hiyo kadiri niwezavyo na kulikagua bakuli tena kabla halijatoka atelye. Hilo pia nawaambia.

Sasa nieleze jambo ambalo picha haiwezi kulionyesha, yaani ukavu. Mama mmoja mzaliwa wa Likasi, anayeishi Liège, Ubelgiji, aliona bakuli langu kwa dada yake akaniandikia: “Papa fundi, huku shofaji inawaka tangu mwezi wa kumi. Halitapasuka?” Shofaji ni vyombo vya kupasha nyumba joto, na swali hilo ni la mtu anayejua. Hapa kwetu mvua za Novemba hadi Machi zinaijaza mbao unyevu, kiangazi cha Mei hadi Septemba kinautoa, lakini nyumba ya Ulaya yenye shofaji ni kavu kuliko kiangazi chetu. Bakuli lililokauka nusunusu hapa litaendelea kukauka kule, na litapasuka ubavuni.

Nilimwonyesha ninavyofanya. Gogo likiwa bado bichi nalichonga kwa tezo hadi lipate umbo, nikiacha ukuta mnene, karibu sehemu moja ya kumi ya kipenyo. Bakuli la sentimita 28 linabaki na ukuta wa karibu sentimita 3. Ncha za nyuzi nazipaka nta ili maji yasitoke mbio upande huo. Kisha nalipima kwenye mizani ya jikoni na kuandika uzito na tarehe kwa penseli chini ya bakuli. Wiki inayofuata tena, na inayofuata. Uzito unashuka, unashuka, halafu unasimama. Usiposimama sigusi. Ukisimama ndipo nachonga mara ya pili, nafanya ukuta uwe mwembamba na sawa pande zote, maana bakuli lenye ukuta mnene hapa na mwembamba pale linajivuta lenyewe. Nilimpigia picha ile safu ya namba za penseli, zile za juu zikiwa kubwa na za chini zikijirudia. Alinunua mawili. Nilimwambia pia asiliweke juu ya shofaji, na kila baada ya miezi michache alipake mafuta.

Mafuta gani, huuliza wote. Mawese na mafuta ya karanga hayakauki kwenye mbao. Yanakaa mbichi na mwisho yanachacha. Mafuta ya kitani hukauka na kuwa ngumu, na nta ya nyuki, ambayo Katanga tunaipata kwa warina asali wa miombo, inaongeza kinga. Jibu hili nimelihifadhi kama jibu la haraka: naandika mkwaju (/) na neno “mafuta” na maandishi yote yanatokea. Wakati umeme umekatika na simu iko kwenye asilimia 10, kitu kidogo kama hicho kinaokoa mauzo.

Kusafirisha ndiko kunakouma, na huko WhatsApp haina mkono. Kampuni za vifurushi vya ndege zinatoza uzito wa mizani au uzito wa nafasi, ule ulio mkubwa. Uzito wa nafasi ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, ukigawanya kwa 5000. Kigoda changu cha kilo 6 kikiwekwa kwenye boksi la 40 kwa 40 kwa 50 kinahesabiwa kilo 16. Mteja hawezi kuelewa hili usipomweleza kabla hajalipa. Ndiyo maana siku hizi nachonga mabakuli ya seti, dogo ndani ya kubwa, matatu yanaingia boksi moja. Vigoda nauza hasa hapa mjini, au mtu anayesafiri kupitia uwanja wa ndege wa Luano akubali kubeba. Na usifunge mzigo kwenye sanduku la mbao ulilopigilia mwenyewe: sheria ya kimataifa ya ISPM 15 inataka mbao za kufungia ziwe zimetibiwa dhidi ya wadudu, kwa mfano kwa kupashwa moto hadi nyuzijoto 56 ndani kabisa kwa dakika 30, na kupigwa muhuri. Boksi la karatasi nene halina tatizo hilo.

Wakala mmoja wa usafirishaji alipokea kigoda changu kizima, kikafika kimevunjika mguu, kisha simu zangu hazikupokelewa tena. Kilichoniokoa ni mazungumzo yenyewe. Picha za kigoda, za boksi likifungwa, za risiti, zote zilikuwa mle na tarehe zake, na mteja alizipata siku ileile kila hatua. Hakuwa na sababu ya kunishuku. Nilichonga kingine, yeye akalipia usafiri kwa njia nyingine.

Malipo nayo yako nje ya programu. Kulipa ndani ya WhatsApp kupo nchi chache kama India na Brazil, kwetu hakupo. Hapa wateja wanatuma kwa Airtel Money, Orange Money au M-Pesa, kwa dola au kwa franka. Walio nje wanatumia Western Union au ndugu yao aliye mjini anapita atelye na makuta (pesa) mkononi. Kazi ya kuagizwa nachukua nusu kwanza. Wengi wamenishauri nifungue duka Etsy, soko la mtandaoni la kazi za mkono. Inatoza dola 0.20 kwa kila bidhaa unayoweka na asilimia 6.5 ya mauzo, bei ambayo ningeikubali kabisa, lakini inapokea wauzaji wa nchi ambazo mfumo wake wa malipo umefika, na Kongo haimo.

Basi wateja wapya wanatoka wapi, kama nilivyosema duka si soko? Wengi wanatoka kwenye mabakuli yaliyokwisha kuuzwa. WhatsApp Business inakupa msimbo wa QR wa akaunti yako. Nimeuchapa kwenye vikaratasi vigumu na nafunga kimoja kwa uzi kwenye kila kazi inayotoka. Mgeni anakula tunda mezani kwa mtu, anauliza, anapewa kikaratasi. Hoteli moja ndogo na wafanyakazi wa migodini wamenifikia kwa njia hiyo. Kipindi cha Biennale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili ambayo chama kiitwacho Picha kiliyaanzisha mwaka 2008, mji unapata wageni wenye jicho la sanaa, na siku hizo natembea na vikaratasi mfukoni.

Katika wageni hao wapo wanaotaka kigoda cha Kiluba, kile kinachobebwa na mwanamke aliyechongwa, kama vilivyoko kwenye makumbusho ya Ulaya. Hilo nalikubali kwa furaha. Wengine wanataka nikifukize moshi na kukizika ili kionekane cha zamani. Hilo sifanyi, kwa bei yoyote. Chini ya kila kigoda nachonga jina langu na mwaka, na picha ya jina na mwaka iko kwenye katalogi. Wale mabwana wa zamani walichonga kwa ajili ya watu wao na wakati wao. Heshima ninayoweza kuwapa ni kusimama na kazi yangu kama yangu. Wanaoondoka kwa sababu hiyo hawanipi huzuni.

Status naitumia karibu kila siku ya kazi: tezo ikipiga, maganda yakiruka, bakuli la mwaka jana linavyoonekana baada ya kutumika. Inafutika baada ya saa 24, kwa hiyo watu huja kuichungulia. Orodha ya kutangaza ina kikomo, watu 256, na ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo mteja akiondoka atelye namwomba aiandike jina palepale mbele yangu.

Kwa fundi anayetengeneza vitu vingi vilivyo sawa, labda mahali pengine panafaa zaidi. Kwa anayechonga kimoja kimoja na ana subira ya kujibu maswali, naipa programu hii alama 4 juu ya 5, na ile moja naiondoa kwa sababu ya malipo. Ukianza, hakikisha kadi ya simu imeandikishwa kwa jina lako mwenyewe, si la shemeji wala la kijana wa atelye, na washa uthibitisho wa hatua mbili wenye namba ya siri ya tarakimu 6. Namba ikipotea, katalogi na mazungumzo ya wateja wote vinaenda nayo.