Dari ya upele: fundi wa bodi na skimu aliyenitengenezea sebule, Coventry

Jina alilitoa mama. Tulipohamia nyumba hii alipiga video kutoka Tanga, nikamzungushia simu sebuleni aone kochi, dirisha, kapeti. Kamera ilipopanda juu akanikatiza: "Mwanangu, hiyo dari imepata upele?"

Mliokaa kwenye nyumba za miaka ya 70 huku Uingereza mnaujua upele wenyewe. Unaitwa Artex. Ni rojo zito lililopakwa darini, kisha likachorwa lingali bichi. Yangu ilikuwa nusu-duara zilizopandana kama magamba ya samaki changu, na kila gamba lina ncha. Ncha zinashika utando wa buibui, na ukienda kuutoa kwa fagio zinashika na fagio. Niliivumilia miaka minne. Ingekuwa kwetu ningeita kijana angoe jipsam yote siku moja, afunge nyingine kwenye mbao za mbili kwa mbili, maisha yaendelee. Huku kuna jambo lazima ulijue kabla hujagusa.

Fundi wa kwanza niliyemwita hakutaka kulijua. Aliangalia juu nusu dakika, akasema pauni 400, anakwangua na kupiga skimu, yaani plasta nyembamba ya kulainisha. Nikamuuliza habari ya asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Akacheka, eti amekwangua dari kama hizi miaka ishirini na bado yuko hai. Nilimpa chai akaondoka, na sikumpigia tena. Artex mpaka katikati ya miaka ya 80 ilikuwa ikichanganywa na asbesto nyeupe, na asbesto hiyo haikupigwa marufuku hapa hadi 1999. Kwa macho huwezi kujua kama dari yako inayo. Na mimi nina mtoto mwenye pumu.

Fundi wa pili ndiye ninayemwandikia maoni haya. Alinishinda moyo pale alipokataa kutaja bei. "Dada, pima kwanza, halafu niite." Nikaagiza kifurushi cha kuchukulia sampuli, nikavaa barakoa, nikainyunyizia dari maji sehemu moja, nikabandua kipande kidogo kama sarafu, nikakifunga kwenye mifuko miwili, nikatuma maabara. Wiki haikuisha majibu yakarudi: asbesto nyeupe ipo.

Nilidhani atataja bei kubwa au ataikimbia kazi. Aliniambia basi hatukwangui, tunaifunika. Ikikaa imetulia hapo juu haina neno, ubaya wake ni vumbi. Tunafunga bodi mpya za jipsam chini ya dari ya zamani, tunazipiga skimu, na upele unabaki humo ndani milele. Bei ya sebule, mita 4.3 kwa 3.6, ilikuwa pauni 780, pamoja na bodi, skrubu, plasta, na watu wawili kwa siku mbili. Karibu mara mbili ya yule wa kwanza. Nililipa bila kuomba punguzo, na wanaonijua watashangaa.

Sasa kazi yenyewe. Kilichonivutia zaidi hakikuwa skimu, ni asubuhi ya kwanza kabla hata bodi moja haijapanda. Bodi hizi hazishikwi na dari ya zamani, zinashikwa na maboriti yaliyo juu yake, na skrubu ikikosa boriti ni sawa na kuning'iniza bodi kwenye biskuti. Wengi huyatafuta maboriti kwa kutoboatoboa. Yeye alitoa sumaku ndogo mfukoni, akawa anaipitisha juu ya upele polepole kama mtu anayetafuta shilingi mchangani. Kila ilipong'ang'ania, pana kichwa cha msumari wa zamani, na penye msumari pana boriti. Akapata mstari wa kwanza, akapima sentimita 40, akapata wa pili, mpaka ukutani. Alama zote akazichora kwa penseli kwenye kuta, kwa sababu bodi ikishapanda mistari ya darini haionekani tena.

Kisha akapaka gundi nzito ya karatasi za ukutani kwenye kila mstari ili skrubu zikipita vumbi linaswe humo. Yeye na msaidizi wake walivaa barakoa za FFP3, zile zinazochuja vumbi laini sana, walifunga mlango kwa nailoni, na walikuja na kifyonza vumbi maalumu cha asbesto, siyo hiki cha nyumbani. Mimi na watoto tulifukuzwa kwa shemeji. Shemeji naye alikuwa amenishauri nikwangue mwenyewe kwa mvuke wikiendi, kwa hiyo nilikunywa chai yake nikiwa nimenuna.

Alichagua bodi za milimita 9.5 badala ya 12.5, ili kupunguza mzigo juu ya maboriti. Hata hivyo moja ni kama kilo 18, na unaishikilia juu ya kichwa. Skrubu zilikuwa za milimita 50, kwa sababu zinapita bodi mpya, upele na bodi ya zamani kabla hazijafika kwenye mbao. Viungo alivipishanisha kama matofali. Mwenye dari ya chini asiogope: sebule yangu imepungua kimo kwa kitu kisichofika upana wa kidole.

Siku ya pili ni utepe wa wavu kwenye viungo, halafu plasta mikono miwili, yaani tabaka mbili. Hapa sina la kusema isipokuwa mkono wa yule bwana ni mwepesi. Mwiko wake ulikuwa ukitoa sauti moja tu, shhh, shhh, kama wimbi linaloondoka. Jioni dari ilikuwa ya rangi ya udongo uliolowa, baada ya siku tano ikawa ya waridi iliyopauka kote, na hapo ndipo imekauka. Rangi nilipaka mwenyewe. Mkono wa kwanza alinisisitizia niuzimue kwa maji, kwa sababu plasta mpya inakunywa, na rangi nzito inakaukia juu juu bila kushika. Nikamtii. Mume wangu alipaka kona ya nyuma ya mlango bila kuzimua, kwa kuwa yeye hapangiwi. Alipobandua utepe wake wa kukingia rangi ukutani, rangi ilitoka nao kama ganda la ndizi. Kona hiyo imepakwa mara tatu.

Nyota nne, siyo tano, na sababu ni mbili. Ya kwanza, hakuniambia mapema kwamba taa lazima ishushwe ikae kwenye uso wa bodi mpya, na kwamba hiyo ni kazi ya fundi umeme. Nimekaa na balbu inayoning'inia siku tatu, na pauni 60 nyingine zikaenda. Ya pili imeniudhi zaidi: msaidizi alioshea ndoo za plasta kwenye karo la nje. Plasta haijui kwamba imemwagwa, inaganda tu. Mvua ya kwanza maji yakarudi mpaka mlango wa jikoni. Kwa haki yake, nilipompigia alikuja jioni ile ile na patasi, akapiga magoti kwenye baridi, akalizibua mwenyewe bila kusingizia mtu.

Ufa? Miezi mitano sasa, na mahita yamewaka kipindi chote cha baridi, sijaona hata mmoja. Karatasi ya maabara nimeiweka pamoja na hati za nyumba, yeye ndiye aliyeniagiza, ili siku tukiuza au mtu akitaka kutoboa pale juu ajue kuna nini nyuma ya weupe huo.

Imebaki dari ya ngazini, nayo ina magamba yale yale. Nimeshamwambia aje mwezi ujao, fundi umeme nimemweka siku hiyo hiyo, na ndoo wataoshea kwenye karai langu.