Mafunzo ya usalama ghalani, Chumbageni: asubuhi safi, mchana wa kusinzia

Kama wewe ni karani wa ghala au dereva wa folklifti hapa Tanga, tangazo la mafunzo haya umeshaliona kwenye magrupu ya WhatsApp. Ada ni shilingi 150,000, chai na chakula cha mchana ndani yake. Jina la waandaaji naliacha maana nina malalamiko nao, na mji wenyewe huu mdogo.

Mada ya kwanza ilitushangaza ukumbi mzima: taka za mionzi zinazozikwa chini ya ardhi huko Marekani. Kaka niliyekaa naye akaninong'oneza, "Dada, sisi na mionzi wapi na wapi? Mimi napokea mbolea." Mkufunzi alimsikia. "Subiri tufike kwenye pipa," akamjibu, akaendelea.

Mahali penyewe panaitwa WIPP, jimbo la New Mexico. Wamechimba ndani ya tabaka la chumvi, mita 655 kwenda chini, na tangu 1999 wanazika humo taka zenye plutoni zilizotokana na silaha za nyuklia. Chumvi husogea polepole na kuziba nafasi iliyoachwa, ndiyo sababu ikachaguliwa. Sasa tarehe 5 Februari 2014 likawaka lori la kubebea chumvi, watu 86 wakiwa kazini huko chini. Lori lilikuwa na uchafu wa mafuta mwili mzima, na mtambo wake wa kuzima moto haukuwa tena wa kujiwasha wenyewe. Waliokuwa juu wakabadili mkondo wa hewa kwa nia njema, moshi ukaenda hadi kule watu walikotarajia hewa safi. Wengine walishindwa hata kufungua vifaa vyao vya kupumulia. Wote walitoka hai, sita wakapelekwa hospitali.

Kisa cha pipa lenyewe kikaja siku tisa baadaye, usiku wa tarehe 14. Lilifungwa Los Alamos, maabara ya silaha za nyuklia, ndani yake mna chumvi za naitreti, kemikali zinazolisha moto. Ili kufyonza majimaji walitia ule mchanga ambao Wazungu humwekea paka ndani ajisaidie. Mchanga wa udongo usingeleta shida. Huu ulikuwa wa ngano, na utaratibu ulioandikwa ndio ulioruhusu. Ngano na naitreti zikapashana joto taratibu, pipa likapasuka. Bahati hapakuwa na mtu chini. Hewa ilielekezwa kwenye vichujio, lakini kidogo ikapenya pembeni, na wafanyakazi zaidi ya 20 wakakutwa na chembe za mionzi mwilini, kwa kiwango cha chini. Taka hazikuzikwa tena pale mpaka Januari 2017.

Hapo, ili tuone vitu viwili vinavyoweza kupashana joto, mkufunzi akatoa kisahani cha bati, akaweka punje za pamanganeti, zile za zambarau, akadondoshea gliserini ya duka la dawa. Kimya. Watu wakaanza kuangalia simu. Ghafla kisahani kikatoa moshi, kikawaka moto wenye rangi ya zambarau, na mama wa mstari wa mbele akaruka na kiti chake.

Kaka wa mbolea akanyoosha mkono, sauti imebadilika: "Na maranda je?" Akaeleza kwamba ghalani kwao folklifti ikivuja mafuta humwagia maranda, kisha jioni wanafagia maranda pamoja na mbolea ya CAN iliyomwagika, vyote pipa moja. Mkufunzi akamkalisha kwenye swali hilo karibu nusu saa, na nusu saa hiyo ndiyo iliyobeba ada yote. CAN ina naitreti, na naitreti hulisha moto; maranda na mafuta ndiyo chakula chenyewe. Mafuta yafyonzwe kwa mchanga mkavu, mbolea ifagiwe peke yake, na mapipa yaandikwe. Kilichonikaa mimi ni kwamba lile pipa la Marekani liliharibikia huku juu ya ardhi, mezani kwa watu wa kufungasha, kabla halijashushwa hata mita moja. Kina cha shimo hakikusaidia kitu.

Asse ya Ujerumani aliipitia mbio mno. Mapipa kama 126,000 ya taka za mionzi yaliwekwa kwenye mgodi wa zamani wa chumvi kati ya 1967 na 1978, mengine yakimwagwa tu na tingatinga kama kokoto, na sasa maji yanaingia kama lita 12,000 kwa siku. Ningependa tukae hapo. Aligusia pia Tume ya Nguvu za Atomiki iliyoko Arusha: vile vifaa vya kupimia kama barabara imeshindiliwa vizuri vina chanzo cha mionzi, kwa hiyo ukikikuta kimetupwa kwenye vyuma chakavu usikiguse, waite wao.

Mchana sasa. Mkufunzi mwingine, anasoma slaidi neno kwa neno, na pazia hakuna, huoni kitu ukutani. Barakoa yenye chujio ilikuwa moja kwa ukumbi mzima! Baada ya kutueleza habari ya watu walioshindwa kufungua zao kwenye moshi? Angalau walituonyesha kwamba ndevu huzuia isibane usoni, wazee wawili wakanuna. Wali wa nazi ulikuwa mzuri, samaki alichelewa.

Nyota tatu na nusu. Nendeni, ila ulizeni kwanza kama wameongeza barakoa, na hakikisheni jina kabla cheti hakijachapwa; langu wamelikosea na mpaka leo naambiwa "njoo kesho".