Kumfuata mlembe katika miombo ya Tabora: tathmini ya matembezi ya nusu siku

Mwezi Juni, warina asali wa Tabora wakiwa kazini, nililipia matembezi ya nusu siku katika miombo ya upande wa Sikonge, yanayotangazwa kuwa ni ya kumfuata mlembe, yule ndege mdogo wa kijivu-kahawia anayewaongoza watu hadi kwenye nyuki. Nilitozwa shilingi 45,000, pamoja na usafiri kutoka mjini, chai na muhogo wa kuchemsha. Gari lilichelewa kwa saa nzima, jambo ambalo kwa safari ya kutafuta ndege porini si dogo, kwa kuwa jua likishapanda milio mingi hupungua. Chai ilikuwa nzuri.

Mwongozaji wetu ni kijana msomi anayejua kueleza. Chini ya mti mmoja wa mtundu alitusimulia utafiti wa mwanasayansi wa ndege Claire Spottiswoode na wenzake katika hifadhi ya Niassa, Msumbiji, uliochapishwa mwaka 2016. Warina asali wa Kiyao wa huko humwita mlembe kwa mlio wa kutetemesha ulimi unaomalizika kwa mguno, na watafiti walitaka kujua kama mlio huo una maana yoyote kwa ndege au ni desturi tu ya watu. Walitembea porini wakipiga kwenye kipaza sauti ama mlio huo, ama maneno ya kawaida ya binadamu, ama sauti za wanyama. Uwezekano wa kuongozwa na ndege ulikuwa takriban asilimia 33 kwa sauti za wanyama, ukafika asilimia 66 kwa mlio wa Wayao, na uwezekano wa kulipata kundi la nyuki uliongezeka zaidi ya mara tatu. Maelezo hayo aliyatoa vizuri kuliko nilivyotarajia kwa bei ile.

Kosa lake lilifuata hapo hapo. Baada ya kutueleza mlio wa Wayao, aliupiga yeye mwenyewe, akaurudia kwa karibu dakika ishirini huku sisi wageni tisa tukicheka na kujaribu kumwigiza, na hapakuwa na ndege aliyejibu. Mzee aliyekuwa amebeba shoka na mwenge, ambaye mpaka wakati huo alichukuliwa kama mpagazi, alituomba tunyamaze. “Wanangu, ndege huyu hajui kelele hizo,” alisema, kisha akapiga mluzi mrefu unaopanda na kushuka, akagonga shina la muba kwa kisigino cha shoka, akangoja.

Asubuhi moja si ushahidi, na huenda ndege angekuja hata bila mluzi. Lakini mwongozaji aliyeusoma utafiti wa 2016 alipaswa kuutaja pia ule wa mwaka 2023, ambao Spottiswoode aliufanya na mwanaanthropolojia Brian Wood, tena sehemu yake moja ikiwa hapa hapa Tanzania, katika vilima vya Kidero karibu na Ziwa Eyasi, kwa Wahadza, ambao humwita mlembe kwa mluzi. Huko Kidero, ndege walikuwa tayari kushirikiana na mpiga mluzi wa Kihadza zaidi ya mara tatu kuliko na mpiga mlio wa Kiyao. Kule Niassa mambo yaligeuka, Wayao wakasikilizwa karibu mara mbili zaidi. Yaani mlembe hujifunza lugha ya watu wa mahali pake. Kuwafundisha wageni wa Tabora mlio wa Msumbiji, na kumwacha mzee wa Tabora abebe mizigo, ni kuyapuuza matokeo yenyewe ya sayansi inayouzwa.

Mlembe alikuja. Mlio wake wa kuongoza unafanana na kiberiti kinachotikiswa haraka haraka. Huruka hatua chache akionyesha weupe wa manyoya ya pembeni mwa mkia, hutua, hungoja, hulia tena. Tulimfuata kwa muda wa nusu saa hivi, mpaka aliponyamaza karibu na mninga wenye tundu, na mzee akasema tumefika. Kwa sehemu hii peke yake nisingedai hata senti irudishwe.

Mengine ni madogo. Mwongozaji alisema ndege huyu hutafuta asali, ilhali anachokitaka hasa ni nta na majana, yaani watoto wa nyuki. Alisimulia pia kwamba ukimnyima fungu lake atakupeleka kwa simba siku nyingine, hadithi tamu ambayo ingefaa kutolewa kama hadithi. Alipoulizwa kuhusu nyegere kuongozwa na mlembe, alijibu kwamba yeye hajawahi kuona, na jibu hilo nililiheshimu.

Watu tisa ni wengi mno, wanne wangetosha. Ukipiga simu kuweka nafasi, uliza kwanza kama mzee atakuwepo, kwa maana tuliambiwa wakati wa kurudi kwamba siku nyingine huwa hayupo.