Hayter na Soulages: bamba moja, mikono miwili

Paris, miaka ya 1950, vita vimekwisha. Stanley William Hayter, msanii Mwingereza wa picha za kuchapwa aliyehamia New York mwaka 1940, alirudi 1950 na karakana yake, Atelier 17. Yeye alichonga picha kwenye bamba la metali, kisha akalichapa kwa rangi kadhaa kwa mpigo mmoja: wino mzito hukataa kuchanganyika na mwepesi, hivyo kila mmoja hushika kina chake. Karibu kemia, kwa kweli.

Pierre Soulages, mchoraji Mfaransa, aliiachia asidi kazi ya kulichimba bamba. Mwaka 1957 ikaitoboa shaba ya bamba kabisa. Hakulitupa bamba; alilichapa hivyo hivyo, na tundu likatoka jeupe, karatasi tupu katikati ya weusi. Ukitaka rangi, nenda kwa Hayter. Mimi hugandia pale kwenye tundu.